Sultani Aliyetaka Kumfunga Watu

Palikuwa na sultani katika mji wa Kivungwe, Sultani Hafidhi, na bwana huyu alipenda mayai kuliko alivyowapenda wakeze. Alichimba kisima uani kwake, akaamuru kila ndoo ilipiwe yai. Wenyeji wakamwitikia naam, kisha wakaendelea kuteka kisima cha zamani, cha bure. Sultani akawaza, akawazua, mwisho akamtuma waziri wake, Mbaruku, apenyeze neno sokoni kwamba maji ya kisima cha zamani yananyonyoa nywele.

Neno likatembea. Na neno, mnalijua, halirudi nyumbani na nguo lililotoka nayo. Asubuhi lilikuwa hivyo hivyo, kisima cha zamani kinanyonyoa nywele, na mayai yakaanza kuingia uani kwa Sultani. Adhuhuri likabaki kisima kinanyonyoa nywele. Alasiri mmoja akauliza kisima kipi, na mwenzake, ambaye hakujua lakini hakutaka aonekane hajui, akamjibu: cha Sultani, kwani umewahi kumwona bila kilemba, hata kwa joto hili? Mayai yakakatika siku ile ile.

Lililomchoma Sultani si mayai peke yake. Chini ya kilemba kile palikuwa peupe, hapana hata unywele wa kuapia, na siri hiyo alikuwa ameificha tangu ujana wake. Akawaita wakubwa barazani, akawauliza mmoja mmoja kama wanayaamini maneno yale. Waziri akasema yeye haamini, ila watu wanaamini. Kadhi naye haamini hata kidogo, ila watu ndio wanaosema. Mpishi vivyo hivyo. Sultani akapiga mkono juu ya kiti.

"Kumbe mchokozi ni mmoja! Nileteeni huyo Watu!"

Sasa, desturi ya baraza ile ni kwamba Sultani hasahihishwi. Akisema mbuzi anataga, wanauliza mayai yake yawekwe wapi. Basi wote wakaitikia, na kuanzia saa ile Watu akawa mtu, anatafutwa.

Wa kumtafuta akachaguliwa Mwanamize, msusi, mwanamke fukara mwenye ulimi mkali, maana barazani kwake wanawake hulaza vichwa mapajani kutwa, na hakuna neno la mjini lisilopita pale. Akaambiwa asipomleta Watu Ijumaa, nyumba aliyoachiwa na mama yake itafanywa zizi la punda wa Sultani, naye atahama mji. Mwanamize alicheka njia nzima. Alipofika kwake akaona ukuta aliokuwa akiegemea mama yake, akakaa chini akalia. Aliogopa, jamani, tusimsingizie ushujaa.

Ijumaa asubuhi akachukua kitana chake akaenda hadi lango la jumba. Pale akamkuta bawabu na mkewe, na mke ana nywele timtim. Mwanamize akamwambia aje akae, atamsuka ule mtindo wa haraka wa twende kilioni, bure. Kisha akamwinamia bawabu sikioni, akamwambia Watu yuko njiani anakuja, na tafadhali asimwambie mtu. Neno ukitaka lienee, lisindikize kwa hilo.

Bawabu alivumilia kwa muda wa msuko mmoja. Akaingia jikoni akamwambia mpishi kwamba Watu anakuja, na amekasirika. Mpishi akamwambia waziri kwamba Watu anakuja na upanga. Waziri angefikaje kwa kadhi na upanga mmoja tu, yeye mtu mkubwa? Akapeleka jeshi. Kadhi akalivusha mto jeshi lile, akaingia nalo mbio hadi kwa Sultani. Na wote hao, ukimuuliza yeyote, angekuapia kwamba mwenyewe hana hofu, ila wenzake ndio wanaotetemeka.

Huko langoni Mwanamize akamaliza kichwa, akapangusa kitana, akaomba kuingia. Alimkuta Sultani Hafidhi chini ya kitanda cha samadari, na wakubwa wote wamejazana chumbani nyuma ya mlango, bawabu naye kati yao. Sultani akachungulia, akaona ni msusi tu, akatoka kwa kutambaa. Akajikung'uta vumbi, akasimama kisultani.

"Yuko wapi Watu?"

"Amefika, Maulana."

"Na jeshi lake?"

"Jeshi gani tena?"

"Lililovuka mto."

"Nani amesema?"

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akamtazama waziri, waziri akamtazama mpishi, mpishi akamtafuta bawabu, na bawabu akatazama dari.

"Watu wamesema," akajibu Sultani, kwa sauti ndogo.

"Basi si ndiye huyo uliyeniagiza? Nimekuletea mpaka chumbani. Mfunge. Ila wa kumkamata ni yeye, wa kumhukumu ni yeye, na funguo za gereza amezishika yeye."

Kule nyuma mmoja akapasuka kicheko, akajidai anakohoa. Kikohozi kikaambukiza chumba kizima. Sultani akataka kufoka, na hapo ndipo alipohisi kaubaridi utosini. Akapapasa. Kilemba kilikuwa kimenasa kwenye mguu wa samadari, kinaning'inia, na upara wake umekaa nje, unang'aa mbele ya kila mtu. Akakivuta, akakizungusha kichwani ovyo ovyo, akamsogelea Mwanamize karibu kabisa.

"Nyumba ni yako," akamnong'oneza. "Punda watalala kwao, na maji ya kisima changu chukua utakavyo, yai sitaki. Lakini niambie kweli, mama. Umeona nini kichwani kwangu?"

Mwanamize akageuka, akatazama mlangoni. Bawabu hayupo.

"Mimi sijaona kitu, Maulana. Watu ndiye aliyeona, naye keshatoka mbio kuelekea sokoni."