Nakijwa na Koo la Kuazima

Koo la kuazima halilii msiba. Mwalimu wenu wa kwaya amewaambia maneno hayo leo, nanyi mmenijia mbio mkiuliza, “Bibi Kalunde, koo linaazimwaje?” Vuteni mkeka mkae. Methali hii ilipoingia hapa Tabora nilikuwapo, na aliyeileta nilimjua. Ilianza hivi.

Miaka hiyo nilikuwa nauza vitambaa dukani kwa baba yangu. Pale posta alihamishiwa msichana wa Kipare, jina lake Nakijwa, kazi yake kuunganisha simu. Kutwa alikaa na visikilizio masikioni, akiunganisha mume na mke, tajiri na wakala wake, na mwenyewe hana wa kumpigia. Kwao Usangi hapakuwa na simu, na hapa hakuwa na ndugu. Akitoka kazini alijifungia chumbani na redio yake.

Redioni alikuwako mwanamke mmoja aliyevuma sana kwa nyimbo za jazi. Nakijwa alimsikiliza mpaka akamjua pumzi kwa pumzi. Ndipo akaja kwenye darasa letu la uimbaji, kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa jamii. Tulikuwa wanafunzi sita. Mwalimu wetu, Mzee Shemweta, alikuwa amepuliza saksafoni miaka mingi hadi mapafu yakamchoka, sasa akitufundisha kwa kinanda ambacho vitufe vitatu vilikuwa bubu.

Nakijwa alipoimba mara ya kwanza tuligeuka wote kumtazama. Ukifumba macho ungedhani yule wa redioni ameingia ukumbini: ule mtetemo mwishoni mwa mstari, ile kwikwi ndogo kabla ya kiitikio. Tukapiga makofi. Mwalimu hakupiga.

“Yule nimemsikia,” alisema. “Wewe uko wapi?”

“Nimekosea wapi, Mwalimu?”

“Hujakosea popote, mwanangu. Wimbo wa jazi tunapewa sote uleule, kisha kila mtu anaupitia kwa mwendo wake. Wewe unatembea kwa miguu ya mtu.”

Nakijwa alikasirika, akaacha kuja. Haukupita muda, bendi moja ya hapa mjini ikamchukua awe anaimba Jumapili mchana. Watu walifurika. Walimwita kwa jina la yule mwanamke, naye akaitika. Sikumbuki hata mmoja aliyemwuliza jina lake. Dansi likiisha kila mtu aliondoka na wake, yeye akavua viatu vya visigino, akavibeba mkononi, akarudi chumbani.

Asubuhi moja, kama alivyonisimulia baadaye, taa iliwaka kwenye ubao wa simu. Akachomeka waya.

“Tabora, nakusikiliza.”

“Hapa Same. Tunamtafuta Nakijwa binti Mrindoko.”

“Ndiye anayesema.”

Yule wa Same akashusha sauti. Kisha, “Pole, dada. Mama yako amefariki jana.”

Tangu aanze kazi ile, hiyo ndiyo simu ya kwanza iliyomwulizia yeye.

Safari ya treni na mabasi ilimchukua siku tatu. Alikuta wameshazika. Waombolezaji walimpeleka kaburini, na shangazi yake, Naelijwa, akamwambia, “Mama yako alikuwa anajisifu kwa kila mtu kwamba unajifunza kuimba. Mwimbie ule wa kupalilia maharage, aliokuimbia ukiwa mgongoni.”

Nakijwa akafungua kinywa. Akatoka yule wa redioni. Mtetemo uleule, kwikwi ileile. Alijaribu kumzuia, asiweze. Waombolezaji wakatazamana, na vijana wawili wakaanza kutikisa vichwa kwa raha kama wako dansini. Shangazi akamshika mkono.

“Nyamaza, mwanangu. Huyu anayelia ni nani? Mama yako hakumjua.” Na alipomwona bado anajaribu, akasema polepole, “Acha. Koo la kuazima halilii msiba.”

Hakuwa na hasira, lakini maneno yale yalimchoma Nakijwa njia nzima mpaka Tabora. Alipofika aliiacha bendi. Jumamosi akasimama mbele ya Mzee Shemweta.

“Nifundishe upya, Mwalimu.”

Mzee hakumkumbusha lolote. Alibonyeza kitufe kimoja. “Toa hii tu. Usiipambe.”

Miezi mingi ilikuwa noti hiyo na nyingine chache. Sisi tulisonga mbele na nyimbo zetu. Yeye alibaki kwenye kona yake akivuta pumzi na kuitoa. Sauti iliyokuja ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, naye aliionea aibu.

“Mwalimu, hii ni kama ya mama.”

“Sasa unaogopa nini?”

Mwaka ulipokaribia kwisha, darasa letu lilialika watu. Waliposikia Nakijwa ataimba, ukumbi ulijaa. Alipanda jukwaani akaanza wimbo wa kupalilia maharage, taratibu, mzee akimfuata kwa kinanda. Aliukunja pale alipotaka, akakawia pale alipoumia. Watu wakaguna. “Huyu siye,” mmoja alisema, akainuka. Wakainuka wengi. Viti vilikwaruza sakafu, naye akaendelea. Ubeti wa tatu machozi yalimtiririka, lakini sauti haikuyumba, na mimi niliyekuwa sijamwona mama yake hata siku moja nikamlilia.

Tulibaki watu kumi na mmoja. Aliposhuka alinishika bega.

“Kalunde,” aliniambia, “leo nimemzika mama.”

Nilitaka kumsindikiza, akasema ataenda mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikamtazama akivuka barabara peke yake. Bendi haikumwita tena, na watu wa dansi walimsahau. Aliendelea kuja darasani kila Jumamosi mpaka alipohamishwa, na nilipokuja kufiwa na baba yangu, yeye ndiye niliyemwomba aimbe.

Kwa hiyo mwalimu wenu akiwaambia tena, msicheke, wajukuu zangu. Koo la kuazima halilii msiba.