Mashine ya Bi Mwanahiba na Dawa ya Moshi

Hapo zamani, wala si mbali sana, maana mashine za kusaga zilikuwepo na ugomvi ulikuwepo, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mwanahiba. Mumewe alimwachia mashine ya kusaga na wana wawili wasiosemezana. Afadhali mashine.

Walikosania nini? Mbono! Dizeli ilipoadimika, Mhina, yule mkubwa, alichuma mbegu za mibono iliyozunguka kaburi la baba yao, akazikamua mafuta, akayatia kwenye mashine. Mdogo wake Semboja, fundi wa gereji mjini, akaja juu. "Unamkamua baba!"

"Namkamua baba au nakamua mti?"

Basi, kimya tangu siku hiyo. Hata wakikaa mkeka mmoja, maneno yanapita kwa Zahabu, mke wa Mhina.

"Shemeji, mwambie mumeo anipishe."

"Mke wangu, mwambie shemeji yako apite dirishani."

Na mama yao kakaa katikati, anasikia yote! "Hivi nyie niliwazaa na midomo au bila midomo?"

Sasa mafuta ya mbono ni mazito. Mashine ikala nusu, nusu ikatapika moshi. Moshi mweusi, moshi wa kukaba roho. Unga ukanuka masizi, ugali ukanuka masizi, wanawake wakaanza kubeba mahindi yao kwenda kusaga kijiji cha pili. Bi Mwanahiba akaona mashine ya marehemu inakufa huku wanawe wanatumiana salamu. Akasimama mbele ya wanawake waliobaki, akashika pindo la kanga alimofunga ufunguo wa banda.

"Mashahidi ni nyie. Atakayeikomesha moshi mashine hii, ufunguo wake, mashine yake. Mimi nimechoka!"

Semboja akaleta chupa ya dawa kutoka gereji, nyekundu kama maji ya matofali. Mama akauliza, "Inaungua hiyo?"

"Haiungui yenyewe, mama. Inauhimiza moto umalize mafuta. Kama wewe ulivyokuwa ukitusimamia mpaka tumalize uji."

"Na hamkumaliza!" akasema mama.

Semboja akamgeukia Zahabu. "Shemeji, mwambie mumeo amimine chupa nzima kwenye pipa."

Mhina yupo pale pale, anatazama dari. Zahabu akachukua chupa akaenda bandani peke yake. Njiani anajisemea: chupa nzima? Hata panadoli hainywewi pakiti nzima! Akatia kifuniko kimoja, akakoroga, ile chupa akaificha nyuma ya magunia. Akarudi.

"Umemimina?"

"Nimemimina yote, shemeji."

Mashine ikawashwa. Moshi, hakuna! Mlio laini, unga mweupe, wanawake wakarudi na vigelegele. Bi Mwanahiba akavuta pumzi bila kukohoa.

Pipa likaisha. Semboja, kichwa kimevimba kwa sifa, akaja na chupa mpya, akaimimina yote kwa mkono wake. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Kufungua, ndani kumegandamana masizi mekundu. Wanawake wamesimama na mahindi vichwani, wanaangaliana.

"Zahabu, mwambie shemeji yako kaiua mashine ya mama!"

"Shemeji, mwambie mumeo ni uchafu wa mafuta yake! Chupa ya kwanza si ilifanya kazi?"

Hapo Zahabu akashindwa kuvumilia. Akaenda nyuma ya magunia, akaitoa chupa, imejaa bado. "Ilikuwa kifuniko tu. Nilidanganya."

Bi Mwanahiba akajishika kichwa. "Ee Mola wangu, hakuna hata mmoja mwenye nafuu!"

Wakasafisha. Mhina akaleta mafuta mapya, Semboja akafungua na kufunga vyuma, Zahabu akapima kwa kifuniko. Mashine ikaguruma bila moshi. Kabla unga haujapoa, ugomvi ukazuka.

Mhina akasema, "Bila mafuta yangu mngechoma nini? Nilitukanwa kwa ajili yake. Ufunguo wangu."

Semboja akasema, "Mafuta yake ndiyo yaliyoleta moshi. Dawa ni yangu, na mashine nimeifufua mimi. Ufunguo wangu."

Zahabu akasema, "Dawa yako bila kipimo changu ni sumu. Nami ndiye niliyebeba maneno yenu, mkanigeuza simu. Ufunguo wangu, mama."

"Mdanganyifu!" akasema Semboja.

"Shemeji, niambie mwenyewe, usimwambie mume wangu!"

Wanawake wakacheka. Bi Mwanahiba hakucheka. Neno alilitoa mbele yao, halirudi. Fundo la kanga lilikuwa limekaza, akalilegeza kwa meno, ufunguo ukamwangukia kiganjani. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Haya, nyie mnaonitolea macho hapa, mnaojua sana kusema ya watu: mwenye mafuta, mwenye dawa, au mwongo mwenye kipimo? Je, nani alistahili kupewa ufunguo ule?