Mzee Aliyeivuta Ndege Kwake

Palikuwa na mzee mmoja, ndugu zangu, aliyeamua kujifunza urubani uzeeni, sebuleni kwake, akiwa na ndala miguuni. Msicheke mapema. Kicheko kiwekeni akiba, kitahitajika huko mbele.

Mzee huyu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, kazi aliyoifanya tangu ujana mpaka nywele zikageuka. Hakuwahi kupanda ndege. Ndege alizijua kwa upande wa tumbo tu, kama kuku anavyomjua mwewe. Sasa mtu wa namna hiyo ndege za nini?

Ni kwa sababu ya mkewe. Binti yao wa kwanza, Shukuru, alikuwa ameolewa Kigoma, na alikuwa na mimba yake ya kwanza, tena ya mapacha. Mila mnaijua. Binti akijifungua, mama yake mzazi ndiye anayekwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wenye pilipili manga, na kumwonyesha jinsi ya kumshika mtoto ambaye shingo bado haijakaza. Kazi hiyo haikaimiwi. Lakini nyonga ya mama ilikuwa mbovu, na daktari alishakataza safari ndefu ya basi. Ikabaki ndege. Mkwe, kijana mwenye adabu, akatuma tiketi. Na mama akaapa kwamba hapandi.

"Mimi," alimwambia mumewe, "sipandi chombo ambacho kikiharibika njiani siwezi kushuka nikasubiri kivulini."

Na mimi ni nani hata nimcheke? Nimezungushwa nchi za watu na semina na makongamano, nimepanda ndege kubwa kama mtaa na ndege ndogo iliyokuwa na mbuzi, na mpaka leo ikianza kunyanyuka nashika kiti kwa mikono miwili na kukivuta juu, kana kwamba nisipoinyanyua mimi haitapaa. Kuna mama mmoja tulikaa naye pamoja aliwahi kunigusa bega akaniambia, baba, pumzika, imeshapaa.

Basi mzee akawaza hivi: mke wangu anaogopa asichokijua. Akikiona kinavyofanya kazi, atakizoea. Kulikuwa na bwana shamba mmoja pale kwenye miwa aliyekuwa anahama, naye alikuwa na kompyuta yenye programu ya kurushia ndege. Si mchezo wa watoto. Ni ile ambayo uwanja unauona mbele yako, mawingu unayaona, na usipofanya vizuri unayaona makosa yako. Pamoja nayo kulikuwa na fimbo ya usukani, wenyewe huiita joistiki, na kishikio cha mafuta cha kuongezea na kupunguzia nguvu ya injini. Vyote akampa mzee. Vikafungwa kwenye meza ya chakula, fimbo kulia, kishikio kushoto. Kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya meza kikatolewa, jambo ambalo Mama Shukuru hakuliacha lipite bila kulitaja, na kulitaja tena.

Kabla ya kuruka, programu inataka kwanza uitambulishe mikono yako. Mzee akasukuma kishikio mbele. Kwenye kioo mstari wa kijani ukapanda hadi juu. Akakivuta kwake, mstari ukashuka. Akakunja uso. Kwenye trekta lake, ekseleta ya mkono ilikuwa hivi: ukiivuta kwako injini inanguruma, ukiisukuma inalala. Mkono wake haukujua dunia nyingine. Akasema moyoni kwamba waliotengeneza kitu hiki hawajawahi kulima.

Chini ya ule mstari palikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa "geuza". Mzee akatia vema. Vema mnaijua, ile alama ya mwalimu kwenye daftari, ambayo baadhi yetu tuliiona kwenye madaftari ya wenzetu. Akatia vema, na mstari ukageuka: akivuta kwake, nguvu inaongezeka. Kompyuta haikubisha. Kompyuta ina subira kuliko wazee wa baraza.

Na ndege ikapaa. Hapo ndipo penye hatari, wapendwa, kwamba ilipaa. Mzee alivuta kishikio kabla hajaelekezwa, akavuta na fimbo, dunia ikabaki chini, naye akaanza kuimba pambio peke yake.

Taabu ilikuwa kutua. Ndani ya programu ile mna mwalimu, sauti tu, anayemwelekeza mwanafunzi. Ndege ilipokaribia uwanja ikiwa chini mno, sauti ilisema: ongeza nguvu, sukuma kishikio mbele. Mzee ni mtu mtiifu, ni mzee wa kanisa. Akasukuma. Nanyi mnajua alichokwisha kukigeuza. Injini ikalala, ndege ikashuka kama gunia la sukari. Akarudia. Sauti ikasema sukuma, akasukuma, akaangukia bustani ya nyanya ya mtu. Siku nyingine alitua juu ya paa la shule, akajitetea kwamba ilikuwa Jumamosi.

Mama Shukuru alikuwa kwenye kochi na ungo wake, anachambua mchele. Kila kishindo kilipotoka kwenye kompyuta, aliinua macho.

"Leo umezika wangapi?"

Mzee akajibu kwamba ile ilikuwa ndege ya mizigo.

"Na rubani je, si mtoto wa mtu?"

Hebu tazameni msiba wa mzee huyu. Alichokileta nyumbani kimtoe mke hofu kilikuwa kinampa hofu mpya, yenye picha na sauti. Shukuru alipiga simu kila jioni kuuliza kama mama anakuja, na mama alijibu, tutaona. Yeyote mwenye mama anajua "tutaona" maana yake nini. Tumbo la Shukuru halikuwa linasubiri mtu aone.

Mwishowe mama akatoa sharti. Alisema: itue mara moja tu mbele ya macho yangu, watu wote washuke na mizigo yao, nami nitapanda.

Ikawa Jumapili baada ya ibada. Mzee hakuvua hata tai. Mama akavuta kiti akakaa nyuma yake. Ndege ikapaa vizuri, ikakata kona vizuri, ikauelekea uwanja vizuri. Mama alikuwa ameshaanza kupumua. Kisha ikawa chini mno, sauti ikasema sukuma kishikio mbele, mzee akasukuma kwa nguvu zake zote na kwa imani yake yote, na ndege ikaingia kwenye mtaro.

Mzee akaiachia fimbo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwalimu huyu ni mwongo. Kila akimtii, anaanguka.

Niwaulize ninyi mlioketi kwa raha. Mwalimu alidanganya? Hapana. Mzee aliasi? Hapana, alitii palepale. Basi kilichoanguka ni nini?

Mama Shukuru hakucheka. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mtu huyu hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta njia ya kumfikisha kwa mwanawe. Akauweka ungo chini. Akavaa miwani ya kusomea, akainama juu ya kishikio kama anayekagua samaki sokoni.

"Hiki kimshale kilichochorwa hapa ubavuni, kinaelekea wapi?"

"Mbele."

"Na wewe ukitaka nguvu unavuta wapi?"

"Kwangu. Ndivyo trekta linavyokwenda."

Mama akavua miwani. "Ama kweli mwamba ngoma huvutia kwake. Baba Shukuru, umeiambia ndege iwe trekta, halafu unamlaumu mwalimu."

Wakakitafuta kile kisanduku, vema ikatolewa. Lakini mkono wa mzee ulikuwa bado mkono wa mzee; ukishtuka, unavuta. Mama akaona hivyo, akasogeza kiti chake upande wa kushoto, akamwambia ashike fimbo, mafuta amwachie yeye. Mwanamke ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Sauti iliposema sukuma, akasukuma, maana hakuwa na trekta la kumbishia. Ndege ikanyanyuka. Ikazunguka. Ikashuka polepole, sauti ikasema ongeza kidogo, akaongeza kidogo kama anavyoongeza chumvi, magurudumu yakagusa, ikakimbia, ikasimama.

Kisha mama akacheka mpaka akashika nyonga. Akataka warudie. Wakarudia, wakarudia, wali ukaungua jikoni bila mtu kusimama, na kufikia alasiri alikuwa ameshaanza kumkosoa mumewe namna anavyokata kona. Akachukua simu mwenyewe. "Shukuru mwanangu, nakuja. Tafuta sufuria kubwa ya maji."

Mngedhani mfano umeishia hapo. Hata mimi ningeuachia hapo, twende tukale, maana nimesikia harufu kutoka upande wa akina mama. Lakini ngojeni.

Wakakaa kunywa chai. Mzee akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, atarudi lini. Mama akasema arobaini ikiisha. Na kwa mapacha, huenda ikazidi. Mzee akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Akasema arobaini nzima ni ndefu. Akasema wiki mbili pengine zingetosha, mkwe naye ana dada zake. Akasema Kigoma kuna joto, na joto si zuri kwa nyonga. Akauliza kuku wataangaliwa na nani. Yuleyule, ndugu zangu. Yuleyule aliyeangusha ndege wiki nzima ili mke akubali kwenda.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama chini. Mkono wa kushoto wa mzee, bila mwenyewe kujua, ulikuwa umeshika upindo wa khanga yake, umeukaza. Akaushika ule mkono, akaufungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemtoa mwiba.

"Baba Shukuru," akasema, "kisanduku cha mezani tumekitoa vema. Hiki chako cha ndani bado kina vema."

Hapo sasa, kicheko mlichokiweka akiba kiko wapi? Naona mama mmoja anamtazama mumewe. Mama, tazama mbele. Na wewe baba, usifurahi sana. Nitafika kwa akina mama sasa hivi.

Maana wengi wetu humu hatuna shida ya kusikia Neno. Tunalisikia, tunaitikia, tunatii hata. Wala shida si Mwalimu. Shida ni kwamba kabla hajafungua kinywa tulikwisha kukigeuza kisanduku, tukatia vema pasipo vema. Tukaambiwa penda, tukasikia shikilia. Tunamwombea binti aolewe. Akiolewa, tunanuna kwamba haji nyumbani. Tunamsomesha kijana afike mbali. Akifika mbali, tunampigia simu kumwambia mbali si kuzuri. Usharika huu uliomba mchungaji mpya kwa mfungo, Mungu akawaletea mimi, na bado kuna watu wanataka nihubiri kwa dakika zilezile za mchungaji aliyetangulia. Ninamjua, alikuwa mfupi wa maneno na mrefu wa busara, poleni.

Halafu tukianguka tunasema kutoa hakulipi. Nilimwachia mtu, nikabaki mtupu. Nilimsaidia, hakunikumbuka. Mwalimu ni mwongo. Ndugu yangu, ulimwachia kwa mkono gani? Ule unaosukuma, au ule unaosukuma huku vidole vimeshika upindo? Wala msidhani nawazungushia jambo la bahasha. Sadaka imeshapita na imehesabiwa. Mimi nasemea watu. Kuna mtu nyumbani kwako ambaye Mungu anataka apae, na injini yake inalala kwa sababu kila ukisema unampenda, unamvuta kwako.

Mzee yule alimsindikiza mkewe mpaka uwanja wa ndege. Kwa ajili ya nyonga walimpa kiti cha magurudumu, na mhudumu akaja kukisukuma. Mzee akamwomba ampishe kidogo. Akakisukuma mwenyewe, tai shingoni, kupita watu, kupita mizigo, mpaka kwenye mlango ambao asiye na tiketi havuki. Hapo akasimama. Mama hakugeuka nyuma. Alinyoosha kidole mbele, kama mwalimu wa kwenye programu. Na mzee akatoa msukumo mmoja wa mwisho, akaachia.

Watoto walizaliwa salama, wa kike wawili. Mama alikaa Kigoma arobaini ikaisha, ikaanza nyingine, na mzee akajifunza kupika wali usioungua sana.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujakaa mezani, tazama mkono wako umeshika upindo wa nani. Tusimame tuombe, na leo tuombe vidole vikiwa wazi.