Jina la Binti wa Mpishi

Sogeeni karibu, na kila mtu aje na akili yake, maana yangu imenishinda hapa.

Pangani alikuwepo mpishi wa pilau za harusi, jina lake Nassibu, naye alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Alizungukwa na wanawake watatu wenye vipawa. Jirani yake, Mashavu, alikuwa mwepesi kuliko paka aliyesikia harufu ya dagaa. Dada yake, Sikudhani, akisema hapana, ni hapana, hata umletee kadhi. Na mama mkwe wake, Bi Kirembo, alikuwa na subira ambayo mimi na nyinyi hatutaipata.

Mtaa ulimpenda Nassibu, lakini ulimwogopa. Kila alipoanguka, watu walimrukia wakamkandamiza chini, wakidhani wanamsaidia. Naye akizinduka, akili haijarudi, anajikuta amelaliwa na watu. Wewe ungefanyaje? Alirusha ngumi. Moja ilimng'oa jino Sikudhani, aliyekuwa amemshika mabega. Alipoambiwa baadaye, Nassibu alilia hata chakula kikamshinda.

Watu wakakata shauri: akianguka tena, afungwe kamba, akafungiwe mbali. Na mkewe, Zamda, alikuwa mjamzito.

Akaanguka harusini, kando ya meko.

Mashavu alifika kabla mwiko haujagusa ardhi. Akamvuta kutoka motoni, mkono wake mwenyewe ukaungua, akamlaza ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa.

Wanaume wakaja na kamba. Sikudhani akawazibia njia, akafunua pengo lake.

"Mnaliona hili? Nililipata kwa kumshika. Kaka yangu hapigi asiyemkaba!"

"We Siku, huyu atatuua!"

"Basi aanze na mimi."

Wakarudi nyuma wakinung'unika.

Nassibu akafumbua macho, asimjue yeyote. Akainuka nusu, ngumi kaikunja. Mnajua mkwe na mkwe wanavyostahiana. Hawa wawili hata sinia moja hawajawahi kula. Na siku ile suruali ya Nassibu ilikuwa imelowa. Lakini Bi Kirembo aliweka haya kando, akaketi mchangani, hatua chache kutoka kwake, bila kumgusa.

"Baba, uko harusini. Pilau haijaungua. Mimi mama yake Zamda. Hakuna anayekushika."

Akayasema hayo tena na tena, kwa sauti ileile, mpaka ngumi ikakunjuka.

Hakupigwa mtu. Nassibu alilala kwake, na alikuwepo nyumbani binti yake alipozaliwa.

Sasa anataka mtoto awe somo wa aliyemwokoa. Shida ni kwamba yeye mwenyewe hakumbuki lolote, yote kasimuliwa. Akamwendea Mashavu, akaambiwa, "Mpe jina la Siku. Mimi nilikuponya na moto tu, si na watu."

Sikudhani akacheka na pengo lake. "Bila Mashavu ningelinda majivu, kaka."

Bi Kirembo akafunika uso kwa ushungi. "Mpe jina lolote, baba. Au unangoja mpaka aolewe?"

Zamda akasema, "Nawapenda wote watatu. Amua wewe."

Basi Nassibu amempakata binti yake, midomo i karibu na sikio dogo, na jina bado halijatoka. Na wewe unayesikiliza, ungemnong'oneza jina la nani?