Siku Sita za Maalim Tahiri

Wazee wetu wamepokea kutoka kwa waliowatangulia kwamba mji wa Kiwanduni ulifiwa na kadhi wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wateule kumi na sita, wawili kwa kila mtaa, wakakutana msikitini kumchagua mwingine. Ada yao ilikuwa kila mteule aandike majina mawili, bila kubainisha lipi la kwanza. Mwenye kura nyingi huwa kadhi, anayemfuatia huwa naibu wake.

Nia ya mji ilijulikana: kadhi awe Sheikh Zubeiri bin Hilali, na naibu awe mwanafunzi wake, Maalim Tahiri bin Makame. Ili Zubeiri amzidi, ilitosha mteule mmoja aliache jina la Tahiri. Kila mmoja akadhani mwenzake ataliacha. Karatasi zilipofunguliwa, Zubeiri kumi na sita, Tahiri kumi na sita.

Hapo shauri likarudi kwa mitaa minane, kila mtaa sauti moja, na mshindi sharti apate mitano. Minne ikamtaka Zubeiri. Minne, iliyochoshwa na ukali wake, ikaona heri Tahiri. Wakarudia siku sita, minne kwa minne. Ndoa hazikufungwa, wala mirathi ya mayatima haikugawanywa.

Neno moja la Tahiri lingemaliza yote. Kila alipoulizwa kama anautaka ukadhi, alijibu kwa upole, "Sikuuomba." Watu wakausifu unyenyekevu wake, naye akazionea utamu sifa zile.

Asubuhi ya siku ya saba mkewe, Bi Mwanakombo, alimwekea uji.

"Maalim, nasikia hukuuomba."

"Ni kweli, sikuuomba."

"Na mimi sikumwomba kuku wa jirani aingie jikoni kwangu. Lakini nikimfungia mlango yumo ndani, utaniitaje?"

Tahiri hakuugusa uji. Uso ulimwaka kwa haya, hata akashindwa kumtazama mkewe. Akaenda msikitini, akasimama mbele ya wateule, na Sheikh Zubeiri ameketi safu ya kwanza.

"Tangu siku ya kwanza nilijua mmeniandika niwe naibu," alisema. "Nilinyamaza kwa tamaa, nikaiita adabu. Mchagueni mwalimu wangu."

Sheikh hakuinua macho. "Nilikuwa nakungoja, Tahiri. Kaa."

Zubeiri akawa kadhi, na ada ikabadilishwa: karatasi moja ya kadhi, nyingine ya naibu. Tumesoma katika tarikhi kwamba Wamarekani nao, katika uchaguzi wa mwaka 1800, waliandika majina mawili vivyo hivyo, wawili wa upande mmoja wakalingana kwa kura sabini na tatu, na baadaye wakairekebisha sheria yao.

Lakini kilichomkaa Tahiri hakikuwa na sheria ya kukirekebisha. Hata uzeeni, mtu akimsifu kwa kumwachia mwalimu wake cheo, alikuwa akiinamisha kichwa na kusema, "Niliacha siku ya saba. Zihesabuni na zile sita."

Mola atuamshe mapema kuliko yeye.