Nyama ya Nyamizi, Kuni za Mihayo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kichanja, na nyama juu yake, na moshi chini yake. Sogeeni basi, msiukalie mkeka wote, wengine wanakuja.

Hapo zamani za kale, nyati walipokuwa wakinywa maji bwawa moja na ng'ombe, palikuwa na kijiji chenye desturi yake ya kubanika nyama. Wanaume wanawinda. Wanaume wanakata kuni. Mwanamke mmoja anachaguliwa, anakaa kichanjani siku tatu, anachochea moto, anageuza nyama. Na watu wale waliamini neno moja: nyama huonja moyo wa anayeibanika. Moyo mweupe, nyama tamu. Moyo wenye kinyongo, nyama chungu.

Kuni hazikutajwa. Kuni zilikatwa na wanaume.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali, mashamba yakakauka. Wawindaji wakaua nyati. Zamu ya kubanika ikamwangukia Nyamizi, aliyekuwa ameolewa pale mwaka mmoja tu. Kuni zikawa kazi ya Mihayo, mkubwa wa wawindaji, kaka wa mume wake.

Mihayo akautupa mzigo. Pwaa! "Shemeji, kuni hizo."

Nyamizi akaokota ufito mmoja. Mwepesi, hauna gome. "Mti gani huu?"

"Mkavu."

"Nimeuliza mti gani, shemeji."

"Kuni ni kuni. Wewe washa."

Akawasha. Moshi ukapanda, fuu. Moshi ukatanda, fuu. Mzito, mweupe, unakaba koo. Siku ya kwanza ukamuuma macho. Siku ya pili yakavimba. Siku ya tatu alikuwa akigeuza nyama kwa kupapasa.

Siku ya nne watu wakaonja. Wa kwanza akatema, ptu. Wa pili akatema, ptu. Midomo ikawawasha kama moto. Nyati mzima, akiba ya kijiji, hakuna wa kummeza.

"Ana kinyongo huyu," Mihayo akasema mbele ya wote. "Siku ya kugawana nyama si mlimsikia? Alitaka maini. Tangu lini mbanikaji akala maini?"

"Niliuliza tu maini ni ya nani," Nyamizi akasema. "Kuuliza si kinyongo."

"Haya, isikieni sauti yenyewe."

Wakaisikia. Nyati wa pili alikuwa ameuawa jana yake, na nyama yake ilikuwa ikisubiri moshi. Wakasema Nyamizi arudishwe kwao kabla hajaitia uchungu na hiyo. Mumewe akatazama vidole vyake vya miguu. Nyamizi akaingia ndani, akafunga mkeka wake, huku akiwawaza wadogo zake watatu wa kike. Nani angewaoa, dada yao akirudi na jina la mkono mchungu?

Ndipo akaja Bibi Kalunde, mfinyanzi. Bibi mfupi, sauti yake ndogo, watu hunyamaza ili wamsikie. Alikuwa amechoma vyungu tangu ujana wake. Alijua mti unaoivisha chungu na mti unaokipasua.

"Kinyongo huingia nyamani?" akauliza.

"Huingia, Bibi," wakajibu.

"Basi tukipime. Nipeni vipande vya paja moja, na vichanja viwili."

Penye kichanja cha kwanza akamweka Mihayo, na kuni zake mwenyewe zilizobaki.

"Moyo wako ukoje, mwanangu?"

"Mweupe, Bibi. Mweupe kama maziwa."

"Mmemsikia."

Penye kichanja cha pili akamweka Nyamizi. Akamletea kuni za mkwaju, zile za kuchomea vyungu.

"Umekasirika, mjukuu wangu?"

Nyamizi akainama kama alivyofunzwa. "Hapana, Bibi."

"Usinidanganye, mimi mtu mzima."

"Nimekasirika."

"Basi kasirika sawasawa. Usibakize."

Hakubakiza. Aliigombeza nyama, akaugombeza moto. Akamtaja Mihayo, akamtaja mumewe na vidole vyake vya miguu. "Maini mle nyinyi, macho nitoe mimi!" Watu wakaacha kazi zao wakaja kusikiliza. Na moshi wa mkwaju ukapanda taratibu, mwembamba kama uzi.

Kwa Mihayo moshi ukapanda, fuu. Moshi ukatanda, fuu. Akakohoa. Akahamia upande wa pili, moshi ukamfuata. Akainuka.

"Kaa, mwanangu," Bibi akasema. "Mwenzio alikaa siku tatu."

Akakaa. Jua lilipofika utosini machozi yalikuwa yakimchuruzika. Jua lilipoinama hakuweza kufungua macho.

Wakaonja. Nyama ya Nyamizi aliitafuna mwonjaji wa kwanza, akameza, akanyoosha mkono achukue kipande cha pili. Nyama ya Mihayo, Bibi alimpa Mihayo mwenyewe. Akatafuna. Ptu.

Bibi Kalunde akamsogelea, akamshika bega.

"Pole, mwanangu. Una kinyongo na nani?"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Kuni zangu ni uzio," Mihayo akasema. "Uzio wa zamani wa zizi. Mnyaa. Mikwaju iko mbali, nikaona mkavu ni mkavu."

Mnyaa! Mti ambao hata mtoto hukatazwa kuuvunja, maana maziwa yake hupofusha. Waliosema arudishwe kwao wakatafuta pa kutazama.

Mumewe akaja kuufungua mkeka. Nyamizi akamzuia mkono. "Uache. Bado nafikiri."

Akafikiri siku mbili. Siku ya tatu maini ya nyati wa pili, yaliyokwisha kubanikwa, yakaletwa mlangoni kwake, na aliyeyabeba ni Mihayo, macho bado mekundu. Nyamizi akayapokea. Ndipo akafungua mkeka.

Bibi Kalunde alikufa zamani, lakini kijiji kile hakijamsahau. Anayekata kuni ndiye anayekaa kwenye moshi siku ya kwanza. Na maini ni ya mbanikaji, haombi.

Basi nyama ikiwa chungu, ziulize kuni kabla hujauhukumu moyo wa mtu. Na kuni ukitaka kuzijua, mkalishe aliyezikata penye moshi wake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeleta kuni za moto huu tunaoota, asogee mbele.