Kibao cha Mwalimu wa Kiingereza

Kibao kile cha aibu nilikichonga mwenyewe. Sheria yangu ilikuwa moja: yeyote anayeongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza anakivaa shingoni mpaka amnase mwingine, na kengele ikilia, aliyenacho anaosha vyoo. Siku hiyo alikivaa Nasieku wa kidato cha tatu, na kengele ilikuwa karibu kulia.

Alinyoosha mkono. "Mwalimu, kinaya ni nini?" aliuliza kwa Kiingereza safi.

Nikamwaga Kiingereza changu chote, hata maneno nisiyoyaelewa.

"Yaani kama mvua kunyesha siku ya harusi?"

"Hiyo ni bahati mbaya."

"Kama kutia chumvi?"

"Hapana!"

"Kama shairi refu?"

Uvumilivu ukaniishia. "We mtoto, mbona kichwa kigumu hivyo! Kinaya ni mambo kwenda kinyume kabisa na yalivyotarajiwa!"

Nilikuwa nimefoka kwa Kiswahili.

Nasieku akaja mbele, akakivua kibao, akanivisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kwa mfano," alisema kwa Kiingereza kilekile, "mwalimu wa Kiingereza kuosha vyoo kwa sababu ya Kiswahili?"

Nikampa alama zote, nikaenda kutafuta ndoo.